Volti 12 Zipo, Mbona Usukani Haupati Moto?

Ipo dhana iliyoenea miongoni mwetu, nasi walimu hatuna budi kukiri kwamba tumechangia kuieneza, ya kuwa mtu anayeijua kanuni ya Ohm anaujua umeme. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa uhusiano wa volteji, mkondo na ukinzani, huandika kanuni mara moja, hubadilisha herufi kwa tarakimu, na kupata jibu sahihi. Taabu huanza siku anapowekewa chombo kibovu na kuambiwa autafute ubovu uliko. Hapo kanuni hubaki daftarini, na mikono huanza kubahatisha.

Jambo hili limenisumbua kwa miaka mingi, tangu nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo na kugundua, kwa aibu, kwamba wenzangu waliokuwa nyuma yangu katika hesabu walinipita mbali mara tu chombo cha maabara kilipoharibika. Lakini kilichonifanya nishike kalamu leo ni kitu kidogo sana: usukani wa gari la mjomba wangu mjini Tabora, usukani wenye umeme wa kuupasha joto.

Najua msomaji aishiye Tabora atacheka. Mwezi wa Oktoba, gari likiachwa juani kwa saa mbili, usukani wake haushikiki kwa moto, na huo ni moto wa bure usiohitaji betri. Ila magari mengi tunayoyatumia yaliwahi kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, na huko, hasa katika kisiwa cha Hokkaido chenye theluji nyingi, usukani wa namna hii si anasa. Gari huja na vyote lilivyozaliwa navyo. Mtu wa Makete au wa Njombe, ambako jalidi hutanda majanini wakati wa kipupwe, angeuthamini bila kuulizwa. Tabora nayo ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri zake za Juni na Julai zina ubaridi wa kutosha kumsumbua mzee. Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu mwenye baridi yabisi ya vidole. Kwake yeye usukani wenye joto ulikuwa tofauti baina ya kuendesha gari asubuhi na kumsubiri mtu wa kumwendesha.

Siku moja usukani ukaacha kupata moto. Uligeuka vuguvugu, kisha baada ya siku chache hata uvuguvugu huo haukuhisika. Fundi aliyeitwa alibadilisha fyuzi, ingawa ile ya kwanza haikuwa imeungua. Akabadilisha swichi. Kisha akachomoa plagi ya waya wa kupasha joto, akapima kwa taa ya majaribio, taa ikawaka vizuri. Akatoa hukumu: umeme unafika, kwa hiyo waya uliomo ndani ya usukani umekufa, hapana budi kununua usukani mwingine. Mjomba akanunua usukani uliotolewa katika gari jingine. Ulipofungwa, haukupata moto, na juu ya hayo ikawaka katika dashibodi taa nyekundu ya mfuko wa hewa wa usalama, ule ambao mafundi huuita eabegi. Mzee alikuwa ameanza na usukani wa baridi. Sasa alikuwa na usukani wa baridi, mfuko mtupu, na gari ambalo yamkini lisingemkinga siku ya ajali.

Simtaji fundi huyo wala simlaumu kupita kiasi, kwa sababu nitakayoieleza punde.

Nilipofika Tabora kumjulia hali, nilimkuta mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu, amekwisha kulishika tatizo hilo kwa nguvu zote. Baada ya kuniamkia shikamoo alinipeleka moja kwa moja garini. Alikuwa na maltimita ndogo, ya aina ile iuzwayo katika maduka ya vifaa vya umeme ya miji yetu. Alichomoa plagi, akaweka ncha mbili za mita mahali ilipokuwa imechomekwa, na kioo kikaonyesha volti 12. "Mjomba, umeme upo wote," akaniambia. Kisha akapima ukinzani wa waya wenyewe wa usukani: omu 2, yaani mzima kabisa. "Volti 12, omu 2, mkondo uwe ampea 6. Mbona haupati moto?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Fundi, taa yake, na mwanafunzi mwenye mita walikuwa wamesema neno lile lile, na wote walikuwa wamedanganyika kwa namna moja. Ndiyo maana simlaumu fundi. Kosa lake ni la shuleni, na pengine alilipata katika darasa kama langu.

Tutazame njia ya umeme huo. Unatoka kwenye betri, unapita fyuzi na rilei, unafika kwenye swichi na kidude cha kuratibu joto, kisha unaingia katika usukani. Hapa pana jambo la kuvutia: usukani huzunguka, na waya wa kawaida ungejisokota hadi ukatike. Kwa hiyo mkondo hupitishwa katika utepe mwembamba uliozungushwa kama springi ya saa ndani ya kikasha chini ya usukani, utepe ambao hujikaza na kujilegeza dereva akatapo kona. Utepe huo ndio upitishao pia umeme wa honi na wa mfuko wa hewa. Faida yake kwa mpelelezi ni kubwa. Usukani usipopata moto, na honi ikanyamaza, na taa ya mfuko wa hewa ikawaka, vyote kwa wakati mmoja, mtuhumiwa wa kwanza ni kikasha hicho. Honi ikilia vizuri na taa isipowaka, kama ilivyokuwa kwa mjomba hapo mwanzo, huna sababu ya kuanza kwa kuufungua usukani. Fundi angepata habari hiyo kwa kubonyeza honi mara moja.

Baada ya utepe mkondo hupita katika waya wa kupasha joto, na kutoka hapo hurudi kwenye betri. Njia ya kurudi aghalabu ni bodi ya gari lenyewe, kupitia kifungo ambacho mafundi hukiita athi, mahali waya ulipokazwa kwa bolti kwenye chuma. Wanafunzi wetu, wanapoichora sakiti, huchora njia ya kwenda kwa makini na njia ya kurudi kama mstari wa kufungia picha.

Sasa kwa nini mita ilionyesha volti 12? Watoto wa Tabora wanao mfano mzuri mlangoni mwao, nami niliutumia siku ile tukiwa tumeketi barazani. Njia ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, ndiyo Tabora yetu, na kuendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka mjini, akiwangoja wapagazi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba majora ya merikani, shanga, na mizigo ya waya wa shaba. Naam, waya nao ulikuwa fedha katika njia hiyo. Walipopita Ugogo, watemi walidai hongo kabla ya kuwaruhusu kuendelea na safari.

Chukua msafara wa watu 100, na tuseme hakuna aliyetoroka wala kufa njiani, jambo ambalo mwalimu wa historia atanisamehe. Idadi ya watu ni ile ile Mpwapwa, Ugogo na Tabora. Kinachopungua ni majora. Watu ndio mfano wa mkondo: katika njia moja isiyo na matawi, mkondo ni sawa kila mahali, hautumiki wala haupotei. Majora ndiyo mfano wa volteji: hupungua kila penye kutozwa, na penye ukinzani mkubwa hutozwa zaidi. Na njia ya kurudi pwani nayo ina watemi wake.

Na msafara usipotembea? Hakuna hongo inayotolewa. Mtu akiyahesabu majora atayakuta yote, wala hatajua kwamba mahali fulani njiani yupo mtemi anayengoja kudai nusu ya mali. Ndivyo alivyofanya binti yule alipochomoa plagi. Aliusimamisha msafara, kisha akauliza habari za hongo. Mita yenyewe ina ukinzani wa mamilioni ya omu, kwa hiyo mkondo uipitao karibu si kitu, na mkondo ukiwa si kitu, hata kiungio kibovu hakipunguzi volti yoyote.

(Mfano wangu una kasoro moja ambayo mwalimu asiifiche. Elektroni hazianzi safari kwenye betri mithili ya wapagazi kule Bagamoyo. Zimejaa waya mzima wakati wote, na swichi ikifungwa husogea zote pamoja.)

Tuliirudisha plagi mahali pake, tukawasha swichi, tukapima tena mkondo ukiwa unapita, ncha za mita zikigusa nyuma ya plagi bila kuichomoa. Nitatumia tarakimu kamili ili hesabu iwe nyepesi. Kwenye waya wa usukani palikuwa na volti 6 tu. Volti 6 nyingine zilikuwa wapi? Tukapima upande wa kwenda, kutoka betri hadi plagi: sehemu ndogo ya volti moja, haina neno. Tukapima upande wa kurudi, ncha moja kwenye waya wa athi na nyingine kwenye ncha hasi ya betri: volti 6. Kiungio kizima hapo hakipaswi kupoteza hata nusu ya volti. Mtemi tulikuwa tumempata, na hatukuwa tumefungua kitu chochote.

Chini ya dashibodi bolti ya athi ilikuwa imelegea na chuma chake kimefanya kutu. Mtu fulani aliwahi kufunga redio akauunga waya wake papo hapo, asiikaze bolti sawasawa. Vumbi na unyevu vya misimu kadhaa vikafanya vilivyobaki. Kiungio hicho kilikuwa na omu 2, sawa na waya wa usukani. Msomaji na akokotoe: ukinzani wote omu 4, mkondo ampea 3 badala ya 6. Nguvu inayofika kwenye usukani ni wati 18 badala ya 72, yaani robo. Mwanafunzi hutarajia nusu, kwa kuwa mkondo umepungua nusu. Husahau kwamba nguvu hufuata mraba wa mkondo. Na wati nyingine 18 zilikuwa zikitoka katika bolti yenyewe, zimejikusanya mahali padogo kama ukucha, karibu na plastiki na mazulia. Hiyo ndiyo hatari ya kiungio kilicholegea, na fyuzi haiwezi kuizuia, kwa sababu mkondo umepungua, haukuzidi.

Kwa nini taa ya fundi iliwaka vizuri? Kwa sababu ni ndogo. Taa ya wati 5 ina ukinzani wa karibu omu 29 ikiwa inawaka. Ukiongeza omu 2 za kiungio kibovu, taa hupata zaidi ya volti 11, na jicho halioni tofauti. Taa kubwa ya mbele ya gari, ya wati 55, ingefifia mara moja na kusema kweli.

Tulikwangua kutu, tukakaza bolti, na usukani ukapata moto. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko hadithi hii.

Nisieleweke kwamba mita ni ya kuchomeka popote. Nyaya za mfuko wa hewa, ambazo plagi zake kwa kawaida hutiwa rangi ya manjano, haziguswi kwa mita ya omu wala kwa taa ya majaribio, kwa maana mkondo mdogo utokao katika chombo hicho waweza kuulipua mfuko usoni pa mpimaji. Yeyote anayetaka kuufungua usukani azime gari, atoe waya wa ncha hasi ya betri, na angoje muda ule ulioagizwa na kitabu cha gari. Mwanafunzi asiufungue kabisa. Kadhalika fyuzi ya ampea 10 haibadilishwi kwa ya ampea 30, wala kwa kipande cha waya. Fyuzi inayoungua tena na tena ina habari ya kutueleza, kwamba mahali fulani pana shoti, na kuinyamazisha ni kuukaribisha moto ndani ya gari.

Yapo pia yasiyo ubovu yanayodhaniwa kuwa ubovu. Ndani ya usukani mna kipimajoto kidogo, mara nyingi cha aina ambayo ukinzani wake hupungua joto liongezekapo, na kazi yake ni kukata umeme mikono ikishapata joto la kuridhisha. Gari likiwa limesimama juani mchana wa Tabora, usukani umekwisha kupita joto hilo. Dereva akibonyeza swichi, taa yake huwaka na kisha hakuna litokealo. Hajaharibikiwa na chochote. Ajaribu tena alfajiri.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa sasa kuna mashine ya kusoma hitilafu, ambayo huchomekwa garini na kutaja namba ya ubovu. Mashine hiyo ni msaada mkubwa, nami sina ugomvi nayo. Lakini husema tu kwamba sakiti fulani ina ukinzani uliozidi au mkondo usiotosha. Haisemi ni bolti ipi. Atakayeisoma asipojua kupima, atanunua usukani wa pili kwa amri ya kompyuta badala ya kuununua kwa kubahatisha.

Sasa nije kwa walimu wenzangu. Mitihani yetu ya vitendo humpa mwanafunzi sakiti nzima na kumtaka achore grafu. Hata jaribio la ukinzani wa ndani wa betri, ambalo ni tatizo hili hili la mjomba katika vazi jingine, tunalifanya kama ibada: mteremko wa mstari, jibu, alama. Sijawahi kuona mwanafunzi akipewa sakiti iliyoharibiwa kwa makusudi na kuulizwa imeharibikaje. Ninadai kwamba swali hilo lingetuonyesha, katika nusu saa, ni nani anayeelewa.

Ohm mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari mjini Köln alipofanya majaribio yaliyozaa kitabu chake cha mwaka 1827. Betri za wakati ule hazikutulia, volteji yake ikipanda na kushuka, na vipimo vyake vya awali vikamchezea. Hakubadilisha vifaa ovyo. Aliuliza kwanza kosa linaingilia wapi, kisha akaiacha betri na kutumia viungio vya metali mbili, upande mmoja katika maji yachemkayo na mwingine katika barafu, ili apate chanzo kisichoyumba. Tunawafundisha watoto matokeo yake na kuwanyima kazi yake.

Ubao ninaoupendekeza hauhitaji bajeti ya wizara. Betri kuukuu ya gari, fyuzi ya ampea 10 karibu na ncha yake chanya, swichi, taa mbili za mbele za wati 55 ambapo moja ni ya akiba, na nyaya zenye viungio vya bolti sita au saba vinavyofikika kwa ncha ya mita. Kimoja kati ya viungio hivyo mwalimu akilegeze, au akipake rangi kabla ya kukikaza, bila kumwambia mtu. Kila kundi lipewe maltimita moja na sharti moja: hakuna ruhusa ya kukaza wala kubadilisha chochote kabla ya kuandika ubovu uko wapi na vipimo gani vimethibitisha. Wanaoanza kwa kupima katikati ya njia, kisha katikati ya nusu iliyobaki, watamaliza mapema. Waache wengine wagundue wenyewe kwa nini.

Binti yule ameanza ubao wake shuleni kwa betri iliyokataa kuliwasha gari la babu yake. Taa ya mfuko wa hewa sisi hatukuigusa. Tulimshauri mzee alipeleke gari kwa fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu, aende na usukani wake wa zamani, ule uliotolewa ukiwa mzima, na kwamba kabla ya kukubali kununua kitu chochote aombe kuonyeshwa kipimo, mkondo ukiwa unapita.